Goti la Raundi ya Saba

Jambo la kwanza nililosema katika nyumba ya yule mzee ni kwamba bondia wake alikuwa ameshusha mikono mno. Hata salamu nilikuwa sijamaliza. Shirika la uuguzi wa nyumbani lilikuwa limenituma Saint Paul, huku Marekani, nimwogeshe, nimkaangie yai, nimpe dawa zake na kumkalisha dirishani, basi. Lakini ukutani, juu ya redio, kulikuwa na picha ya kijana mwembamba aliyevaa glavu ndogo, nywele zimegawanywa katikati, ngumi moja iko usawa wa kitovu. Nikasema kwa Kiingereza changu cha Nakuru, huyu atapigwa.

Mzee alinigeukia taratibu. Alikuwa anakaribia miaka tisini, shingo yake haikupenda haraka.

"Huyo ni baba yangu," akasema. "Na wewe unajua nini kuhusu ndondi?"

Ningeomba radhi, lakini mdomo wangu haujawahi kunisikiza. Nikamwambia najua nilichofundishwa na baba yangu, na baba yangu alipigana ndondi katika ukumbi wa wafanyakazi wa reli tangu akiwa kijana mpaka goti lilipomkataa. Nikaweka chini mfuko wa glavu zangu za kuogeshea wagonjwa, nikasimama mbele yake, nikainua mikono. Hivi, nikamwambia. Kidevu ndani, viwiko karibu na mbavu.

Mzee akanitazama kuanzia viatuni. "Zamani walisimama hivyo," akasema, akionyesha picha. "Walipigana huku wameegemea nyuma. Keti."

Nikaketi. Yai lilipoa jikoni siku hiyo.

Lazima nieleze jinsi baba yangu alivyonifundisha, la sivyo mtafikiri najisifu bure. Alikuwa na wavulana wawili kabla yangu, na wote wawili walikimbia glavu. Mimi sikukimbia. Nilipewa jina la mama yake, kama ilivyo desturi kwetu, kwa hiyo tangu nizaliwe aliniita Mama. Jioni akirudi kutoka karakana ya reli alijichua goti kwa mafuta, kisha tunasimama uani, mimi na glavu zinazonifika karibu na viwiko, naye ananizunguka akisema, "Mkono juu, Mama. Juu, Mama. Mbona umelala?" Majirani walisema anaharibu mtoto wa kike. Akawajibu kwamba mtoto wa kike ana kidevu kama mtu mwingine yeyote.

Sasa turudi kwa mzee. Baba yake alikuwa mkata nyama katika machinjio ya South Saint Paul, na akitoka kazini alipigana kwa malipo. Hiyo ilikuwa miaka ya vita vya kwanza vya dunia, sheria ya jimbo ndiyo kwanza imeruhusu ndondi. Lakini ilikuwa sheria ya ajabu. Mnapigana raundi kumi, na ikiwa hakuna aliyelala chini hadi kengele ya mwisho, refa hana ruhusa ya kumtangaza mshindi. Haruhusiwi kuinua mkono wa mtu. Watu wanachukua kofia zao wanaenda nyumbani, halafu asubuhi waandishi wa magazeti ndio wanasema nani alishinda. Walitaka kuzuia kamari, mzee alisema. Watu wakacheza kamari juu ya magazeti.

Baba yake alikuwa wa Saint Paul, mpinzani wake wa Minneapolis. Mgeni akifika hapa anaona mji mmoja wenye mto katikati, nami niliona hivyo hivyo mpaka nilipomhudumia yule mzee, nikajua kumbe ni miji miwili isiyopendana. Walipigana raundi zote kumi na wote wakabaki wamesimama. Asubuhi, gazeti la huku likaandika kwamba wa huku ameshinda. Gazeti la kule likaandika kwamba wa kule ameshinda. Na ugomvi wote ulikuwa juu ya jambo moja: raundi ya saba, bondia wa Saint Paul aligusa sakafu kwa goti. Wa huku wakasema aliteleza, ndoo ya maji ilikuwa imemwagika pale pembeni. Wa kule wakasema ni konde la mbavu ndilo lililompigisha goti.

"Aliteleza," mzee alisema. Alisema hivyo siku ya kwanza, na siku ya pili, na kila siku niliyokwenda. Baba yake alikuwa akimwonyesha jikoni, mzee akiwa mtoto, kwa viti viwili na kitambaa cha kufutia sahani: hapa maji, hapa mguu wangu, hapa yeye hata hakunigusa. Alikufa akisema aliteleza. Mzee hakuwa na ndugu aliyebaki wa kubishana naye jambo hilo, na hilo lilimuuma kuliko mgongo.

Nikamsimulia baba yangu.

Wakati huo nilikuwa nikiishi Coon Rapids, nje kidogo ya mji, na wanangu. Makaratasi yangu yalikuwa ofisi ya uhamiaji, mwaka ukiingia mwaka ukitoka. Nikitoka nchi hii kabla hayajakamilika singeweza kurudi, na watoto walikuwa shuleni. Kwa hiyo baba yangu alikuwa baba wa simu. Nilichotaka kilikuwa kitu kimoja tu: aishi mpaka siku yenyewe. Makaratasi yatoke, nishuke Nairobi, nipandishe hadi Nakuru, nimkute mlangoni ameinua mikono, anikague kama bado najikinga. Nilimwambia hivyo kila mara. Naye alijibu, "Nitakungoja nimesimama, Mama." Nilikuwa na hamu sana ya kumwona baba yangu, hata siku moja nilinusa mafuta ya kuchua katika duka la dawa la Wazungu, nikasimama hapo katikati ya rafu nikilia, watu wakinipita na mikokoteni yao.

Alhamisi moja asubuhi nilimpigia nikiwa kwa mzee, kwao tayari ni jioni, amekwisha kunywa chai. Nikamweleza pambano lote. Akanisikiliza mpaka mwisho, kisha akasema, "Mtu huteleza raundi ya kwanza, wakati miguu haijaujua ulingo. Raundi ya saba mtu haangushwi na maji. Alipigwa mbavu huyo. Mwambie ni mwongo, Mama."

Mzee akataka kujua amesema nini. Nikamwambia baba ana shaka kidogo.

"Hayo maneno yalikuwa mengi kuliko shaka kidogo," mzee akasema. "Sema yote."

Nikasema yote. Mzee akacheka mpaka akaanza kukohoa, nikamshikia gilasi ya maji. Alipopata pumzi akaniomba nimfundishe lile neno mwongo. Nikamfundisha. Halafu akaniuliza kwa nini mzee mzima anamwita binti yake mama, nikamweleza desturi yetu, na ile "Mkono juu, Mama" ya uani, akaitazama picha ya ukutani.

Basi ikawa kazi. Kila Alhamisi naweka simu juu ya blanketi la mzee, nafungua spika, wazee wawili ambao hawajawahi kuonana wanagombana juu ya goti la mtu aliyekufa, na mimi hapo katikati natafsiri huku nimeshika bakuli la uji. Mzee anajenga hoja yake wiki nzima. Anasema mpira wa kiatu ulikuwa umeisha. Baba anauliza, kama uliisha, mbona hakuteleza tena raundi ya nane? Mzee anasema baba yake alilowesha ngumi katika maji ya chumvi ya mapipa ya nyama ili ngozi iwe ngumu, mtu kama huyo hapigishwi goti na konde moja. Hapo baba alifurahi, kwa sababu hata wao Nakuru walikuwa na karai la maji ya chumvi nyuma ya ukumbi. Wakazungumzia chumvi kwa muda, wamepatana kabisa, nikadhani yamekwisha. Kisha baba akasema, "Sasa muulize, mbavu nazo alizilowesha?"

Mwisho wa kila simu baba alisema yale yale: mwambie ni mwongo, Mama. Mzee naye alijifunza kuyajibu kabla sijatafsiri. Alimrudishia neno hilo kwa lafudhi yake, "Muongo wewe," na upande wa pili nilimsikia baba akipiga paja.

Wakati mwingine baba alimpa methali. Asiyekubali kushindwa si mshindani, alisema, na asiyekubali kwamba alianguka hata bondia si bondia. Mzee akaniambia nimuulize yeye mwenyewe alianguka mara ngapi. Baba akasema laini inakatika, hasikii vizuri.

Watoto wangu walikuwa wakimjibu babu yao kwa Kiingereza na yeye akiwasemesha kwa Kiswahili, kila mmoja ameridhika na sehemu yake. Lakini mazungumzo marefu kabisa ambayo baba alifanya na Marekani yalikuwa na yule mzee. Niliwaonea wivu kidogo, nasema kweli. Mimi aliniuliza kama nimekula. Mzee ndiye aliyeulizwa mambo ya maana.

Kisha Alhamisi moja simu ilipokelewa na kaka yangu mkubwa. Baba ameenda kumtembelea shangazi, akasema. Baba na shangazi walikuwa hawatembeleani tangu walipogombania shamba. Alhamisi iliyofuata baba alikuwa amelala. Iliyofuata, anapumzika.

Sisi tulio huku tunaijua maana ya anapumzika. Kwetu mtu hampigii simu aliye ng'ambo kumwambia mzazi wake anakufa. Anaweza kuwa barabarani, anaweza kuwa peke yake, atafanyaje? Kwa hiyo wanaficha. Wakiona mambo yamefika mwisho wanawatafuta watu wa kanisa lako, nao wanakusanyika, wanapika, wanakuja wote pamoja mlangoni kwako ndipo unaambiwa. Naijua vizuri kwa sababu mimi mwenyewe nimewahi kusimama kwenye korido ya mwenzangu na chupa ya chai ya maziwa mkononi, nimevaa ule uso wa habari mbaya.

Nikamwambia kaka yangu, mimi si mtoto, nipe baba. Akasema, "Wewe endelea na kazi, usiwe na wasiwasi." Nikamwita jina ambalo siwezi kuliandika. Hakukasirika, na hapo ndipo nilipoogopa.

Mzee alikuwa akingoja na hoja yake ya maji. Nikamwambia baba ana mafua.

Jumamosi mchana nilirudi kutoka dukani na kuona magari yameegeshwa mbele ya jengo letu. La mchungaji nililijua. Akina mama walikuwa wamesimama pembeni, mmoja ameshika sufuria iliyofungwa kwa leso. Sikushuka. Nilikaa ndani ya gari na mifuko yangu, injini inanguruma, nikifikiri kwamba nikiendesha tu mpaka Plymouth, mpaka popote, bado baba yangu atakuwa mzima. Mama mmoja wa kanisa, mtu mzima aliyekuwa akinisaidia kulea watoto, akaja akagonga kioo. Nikakishusha kidogo.

"Rudini nyumbani," nikamwambia. "Mkiingia kwangu mtakuwa mmemuua baba yangu."

Alifungua mlango, akachukua mfuko wa unga mapajani pangu, akanishika mkono. Tukaingia.

Baba alikuwa amefariki Alhamisi ile ile, wakati nikiambiwa anapumzika. Mazishi niliyaona kwenye simu, picha ikikwama kila mara, jeneza limefika nusu ya njia na watu wote wamesimama vinywa wazi, halafu ghafla wameshafika kaburini. Nilimwonyesha mama wa kanisa mlango wa nyumba yetu ulipopita kwenye picha. Nikamwambia, pale ndipo angesimama.

Shirika nililiomba limwambie mzee kwamba nina homa. Niliwaza nitamweleza mwenyewe nikirudi. Nilirudi Alhamisi. Nikamwogesha, nikamkalisha dirishani, nikampa yai, na kabla sijafungua mdomo akasema, "Mafua ya baba yako yamepona? Nimepata jambo kuhusu maji."

Nikasema yamepona.

Sijui neno hilo lilivyonitoka. Nikasema spika ya simu imeharibika, nikasimama karibu na mlango wa jikoni, nikaweka simu sikioni ikiwa imezimwa, na nikaongea na baba yangu. Nikamwamkia. Nikamuuliza habari za goti lake. Nikamwambia mzee anasema wasaidizi wa kona ya baba yake walikuwa wawili na ndoo zilikuwa mbili. Nikangoja, nikamsikia wazi kabisa anachojibu, maana nilimjua, nikamgeukia mzee nikamwambia, "Anasema hata zingekuwa ndoo kumi." Mzee akapiga kiti kwa furaha. Na mimi, ambaye wiki chache kabla nilimtukana kaka yangu kwa kunificha, nilitoka pale nimefurahi kuliko nilivyokuwa tangu ile Jumamosi.

Nikaendelea. Sikumwonea mzee haya hata kidogo. Mahali pekee duniani ambapo baba yangu alikuwa bado hai palikuwa pale, kati ya redio na blanketi, Alhamisi saa nne asubuhi, na nilitaka kukaa hapo. Nyumbani nilikuwa yatima anayepelekewa chakula. Kwa mzee nilikuwa na baba mbishi.

Lakini njia ya mwongo ni fupi. Theluji ilipoanza kuyeyuka mzee alipata nimonia, akarudi kutoka hospitali akiwa mwepesi, ngozi na mifupa. Alhamisi yake ya kwanza nyumbani alitaka simu. Alieleza hoja yake akipumzika katikati ya maneno: maji, kiatu, kona. Ilikuwa ile ile ya siku zote, alikuwa ameishiwa mpya. Nikamwonea huruma. Nikashika simu yangu iliyozimwa, nikasema na baba maneno machache, nikageuka.

"Anasema amefikiri sana," nikamwambia. "Anasema labda kweli aliteleza."

Mzee aliendelea kutazama dirishani. Nilidhani hajasikia, nikarudia kwa sauti kubwa zaidi. Akainua mkono nikome.

"Yule mtu," akasema, "tangu nimjue hajanipa hata inchi moja. Nilimpa chumvi akanirudishia mbavu." Akapumua. "Alikufa lini?"

Nikakaa kwenye kiti cha jikoni. Simu bado ilikuwa sikioni, sijui kwa nini sikuishusha. Nikamwambia lini. Nikamwambia na yale magari, na ile sufuria, na jeneza lililokwama kwenye kioo cha simu. Nikamwambia alisema ataningoja amesimama na hakungoja. Nililia kwa sauti ya kwetu, sauti ambayo huku sikuwa nimeitoa hata mbele ya kanisa, na yule mzee akaniacha nilie. Hakunipigapiga mgongoni. Aliitazama picha yake mpaka nikamaliza.

"Kwa hiyo hakusema kwamba baba yangu aliteleza," akasema.

"Hakusema. Mara ya mwisho alisema wewe ni mwongo."

"Vizuri," akasema, akataka alazwe.

Alhamisi iliyofuata nilikuja bila kujua tutazungumza nini. Nilimwogesha kimya, nikamkalisha dirishani. Simu niliiacha ndani ya koti. Nilikuwa naosha kikaango aliponiita.

"Nimefikiri juu ya ile raundi ya saba," akasema. "Mtu huteleza raundi ya kwanza. Miguu haijaujua ulingo. Raundi ya saba mtu haangushwi na maji." Alisema polepole, hakusahau kitu. Yalikuwa maneno ya baba yangu yote, kama nilivyoyatafsiri siku ile. Kisha akaitazama picha ya baba yake, akasema jambo ambalo hakuwa amelisema maisha yake yote. "Alipigwa mbavu. Hakuteleza."

Nikafuta mikono. Nikasimama mbele yake. Nilijua amenipa nini na kimemgharimu nini.

"Hapana, Mzee," nikamwambia. "Aliteleza. Kulikuwa na maji. Ndoo mbili."

Akatikisa kichwa, akainua ngumi zake mbili zilizokonda, juu, kidevu ndani, viwiko karibu na mbavu, namna ya kwetu.

"Muongo," akasema kwa lafudhi yake. "Mkono juu, Mama."